Pointi za Walioondoka

Johannesburg ya miaka ile, ukimwuliza mtu anashabikia timu gani, alikutajia timu ya Uingereza kabla hujamaliza swali. Sisi wa saluni tulikuwa tofauti. Tulipenda ligi kuu ya Argentina, na sababu yake haikuwa kubwa: king'amuzi chetu kilikuwa cha kifurushi cha chini kabisa, na kwenye kifurushi kile Uingereza haikuwemo. Kulikuwa na mahubiri, mapishi, habari za bunge, na kila mchana baada ya chakula, mpira wa Argentina.

Saluni ilikuwa Yeoville, ghorofa ya chini, katikati ya fundi cherehani na duka la simu. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mabega mapana, sauti ya kusimamisha teksi iliyo ng'ambo ya barabara. Alinunua televisheni ili wateja wa rasta wasichoke, maana rasta ndogondogo zinakula nusu siku. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa mpira. Lakini vidole vikisuka macho hayana kazi, na macho yake yakawa yanapumzikia pale. Baada ya miezi michache alikuwa anamkaripia refa huku ameshika kichwa cha mtu.

Mimi nilikuwa kinyozi wake. Kona ya karibu na mlango ilikuwa yangu: kiti kimoja, kioo kimoja, mashine mbili. Nilitoka Buyenzi, Bujumbura, na shule niliiacha njiani, lakini ndoto sikuacha hata moja. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja ataingia mzungu wa Argentina kunyoa, atagundua nacheza winga wa kulia, na mambo yataanzia hapo. Nilishajifunza kusalimia Kihispania kwa kusikiliza watangazaji. Mama alikuwa akiniona najisalimia kwenye kioo.

"Mutoto yangu," alikuwa akisema, "ule muzungu akija, kwanza umunyoe muzuri. Mpira utamuambia nyuma."

Mechi zenyewe zilichezwa sisi tukiwa tumelala, kwa hiyo tulichoona ni marudio. Hapo ndipo ilipozaliwa sheria ya saluni: hakuna kutaja matokeo. Hata kama umesikia redioni, hata kama umeona kwenye simu, unaingia umefunga mdomo, unaangalia kama mpira unachezwa saa ile ile. Jamaa mmoja aliyeuza vocha na peremende hapo nje alichungulia siku moja wakati tumekaza macho, akasema, "Msijisumbue, hao wamefungwa mbili." Mama aliweka kitana chini. "Weye! Nani alikuuliza? Toka na mdomo yako!" Kwa wiki nzima jamaa hakuruhusiwa kuchaji simu kwetu. Alipokuja kuomba radhi alileta peremende za wateja wote.

Tuliizoea ligi ile na vituko vyake. Mashabiki walirusha karatasi mpaka uwanja ukawa mweupe, na beki wa kushoto alikimbia akiwa na utepe wa karatasi umenasa kwenye kiatu. Bingwa walimpata mara mbili kwa mwaka, mara moja kwenye nusu ya kufungua na mara moja kwenye nusu ya kufunga, jambo lililowachanganya wateja wapya. "Si hawa wengine walishachukua kombe?" "Walichukua la kwanza, dada. Hili la pili." "Eish. Nchi hiyo ina raha."

Lakini kilichotugusa zaidi, nadhani, ni kwamba wachezaji wa ligi ile walikuwa watu wa kuondoka. Kijana anacheza vizuri miezi michache, tumeshazoea uso wake, nami nimeshaanza kuwanyoa wateja mtindo wake, halafu mchana mmoja hayupo. Ameuzwa. Mama alikuwa akiuliza bila kugeuka, "Na ule mwembamba alienda wapi?"

"Italia, Mama."

"Bon. Mungu amutangulie."

Hivyo hivyo ndivyo alivyouliza habari za wateja. Yule aliyekuwa anasuka kila mwisho wa mwezi? Cape Town. Yule fundi mwenye mapacha? Walipata karatasi za Kanada. Na yule mlinzi mpole? Amerudi kwao. Mungu amtangulie.

Na sisi tulikuwa na ligi yetu. Kila Jumapili baada ya kanisa, kwenye uwanja wenye nyasi pembeni na vumbi katikati, dakika chache tu kwa miguu kutoka saluni. Timu ziliitwa kwa kazi: kulikuwa na washona nguo, walinzi, watu wa sokoni, mafundi magari, na sisi wa saluni, Wakongo na Warundi wengi na Mkenya mmoja kipa. Mwenyekiti wa ligi alikuwa mzee wa Kigoma aliyetengeneza redio, mtu wa miwani na maneno machache. Ubao wa msimamo ulitundikwa saluni kwetu, ukutani, karibu na televisheni, kwa sababu hapo ndipo kila mtu alipita.

Uwanja ule tulipewa kwa masaa machache, kwa hiyo timu zilizotosha zilikuwa chache. Timu moja ilishuka kila mwaka. Kushuka maana yake ilikuwa kwenda kuchezea mbali kusini, kupita yale mavilima ya mchanga wa migodi, teksi mbili na kutembea. Wapishi wa hoteli walishuka mwaka wa kwanza. Hawakufika katikati ya msimu. Mmoja alikosa nauli, mwingine alikuwa zamu, wa tatu akachoka kuwangoja hao wawili, na timu ikaisha hivyo hivyo bila ugomvi. Kwa hiyo tulijua: saluni ikishuka, saluni imekwisha. Wachezaji wetu wengi walikuwa wanatoka zamu saa sita na kuingia tena jioni. Kusini wasingefika.

Kwangu mimi timu ile ilikuwa zaidi ya mpira, na hapa lazima nimtaje kaka. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, yeye ndiye aliyenileta Johannesburg, akanipa nusu ya kitanda chake na kunitafutia ile kona ya kunyolea. Uwanjani alikuwa mshambuliaji. Hakuwa na mbio, hata kidogo. Alisimama tu pale mbele kama mtu anayengoja basi, halafu mpira wa juu ukija, ghafla kichwa chake kilikuwa juu ya vichwa vyote. Msimu wetu wa kwanza, mwaka wa Kombe la Dunia, tulimaliza nafasi ya pili kwa kichwa kile.

Baada ya Kombe la Dunia maneno yakaanza. Kwenye teksi, kwenye foleni za duka, watu walisema kushangilia kumekwisha, sasa wageni kama sisi tutaondolewa. Wengine walisema kwa mzaha, wengine si kwa mzaha. Kwetu Yeoville hakuna aliyetugusa, lakini mke wa kaka alikuwa Bujumbura na mtoto mchanga, na kila usiku alilia kwenye simu. Msimu ulipokwisha kaka akafunga begi. Aliniachia kitanda kizima na viatu vyake vya mpira.

Viatu vilikuwa vikubwa. Mama alivitazama, akachukua mabaki ya nywele za kusukia yaliyokuwa sakafuni, akayakunja, akayashindilia kwenye ncha za viatu. "Vaa." Vilinikaa. Misimu miwili nilicheza winga wa kulia na rasta ndani ya viatu, na kila Jumapili jioni kaka alinipigia. Hakuwa anauliza habari zangu kwanza. Alisema, "Lete ripoti."

Baadaye ligi yetu ikapata kanuni mpya, ya wastani, nayo ilikuja hivi. Katikati ya mwaka uliofuata Kombe la Dunia, timu moja kubwa ya Buenos Aires, ya wazito kabisa, ilishuka daraja. Tuliona watu wazima jukwaani wamefunika nyuso kwa jezi. Wateja wakatulia. Mama akamwuliza mtu aliyekuwa kwenye kiti changu, nahodha wa mafundi magari, Mtanzania wa Mbeya mwenye kujua mambo ya mpira na kupenda kuyaeleza.

"Kwa nini banalia? Si kuna timu ingine iko chini yabo?"

"Mama, kule hawaangalii mwaka mmoja. Wanachukua pointi za misimu mitatu, wanagawa kwa mechi zote. Mwenye wastani mdogo ndiye anashuka. Hawa wanalipia miaka ya nyuma."

Nikamwona kwenye kioo anatafakari, nusu ya kichwa imenyolewa. Timu yake mwaka ule ilikuwa inawaka moto, iko juu kabisa. Nadhani ndipo alipopata wazo. Mkutano wa ligi ulipofika, mwanzoni mwa mwaka elfu mbili na kumi na mbili, akasimama na kusema nasi tufanye kama Argentina. Timu isife kwa mwaka mmoja mbaya.

Sisi wa saluni ndio tuliopinga zaidi. Kipa wetu Mkenya alisema, "Yaani mtu azikwe kwa homa ya mwaka juzi?" Nami nikasema ni kanuni ya wakubwa kulinda wakubwa. Nahodha akacheka: "Bwana mdogo, wewe si ndiye unayetaka kwenda Argentina? Anza kuizoea." Mikono ikainuliwa, kanuni ikapita. Mwenyekiti akaichora kwenye ubao, safu mpya ya mwisho, akaiandika kwa chaki: wastani. Safu ikabaki tupu msimu mzima, kwa sababu alisema hesabu ile ataifanya mara moja tu, mwisho, ili watu wasigombane kila wiki.

Mwaka ule tulikuwa wabovu. Sina neno lingine. Beki wetu mzuri alipata kazi Randburg, ulinzi wa ofisi, zamu zake zote Jumapili. Kiungo alioa, na mkewe hakupenda vumbi. Mama alikuwa anakuja na sanduku lake la barafu lenye maji ya kunywa, analikalia pembeni ya uwanja na kupaza sauti, lakini sauti haifungi goli. Hata mafundi magari, waliokuwa moto mwaka uliotangulia, walianguka, kana kwamba mashine zao zimekufa zote kwa pamoja. Tukabaki sisi na wao mkiani, tukitazamana.

Jumapili ya mwisho sisi tulicheza na washona nguo. Ile safu tupu tulishaisahau, na kwa pointi za msimu ule tulihitaji kushinda ili tuwapite mafundi, ambao walishamaliza mechi zao na walikuwa wamejipanga pembeni, mikono kifuani. Ilikuwa siku nzuri, mbingu ya buluu kabisa ya majira ya baridi, jua lisilo na joto. Niliupata mpira mara moja tu mahali pa maana. Nilikimbia nao, nikamwacha beki, nikapiga. Nilishaanza kunyoosha mikono juu. Ukagonga mwamba na kurudi mikononi mwa kipa kama vile alikuwa ameuagiza. Mama akainuka kwenye sanduku lake na kuketi tena. Bila kwa bila.

Refa alipomaliza, mafundi walirukaruka, nasi tukakaa chini. Nilivua viatu. Nilikuwa natoa zile nywele moja moja, bila sababu, nikifikiri jioni kaka atapiga na nitamwambia nini. Timu aliyoipandisha mpaka nafasi ya pili, nimeisindikiza mpaka kusini.

Mwenyekiti akaja, miwani mkononi. "Mbona mmekaa? Hesabu bado. Twendeni kwenye ubao."

Tukaenda saluni wote, sisi, mafundi, washona nguo na yeyote aliyesikia. Televisheni ilikuwa imewashwa, mpira wa Argentina, sauti chini. Mwenyekiti akachukua chaki. Akajumlisha msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu, akagawa, akaandika kwenye ile safu tupu. Alianza juu, akashuka taratibu. Alipotufikia akaandika, akapitia tena, akaacha. Alipofika kwa mafundi akaandika, akapitia tena, kisha akapitia mara nyingine. Akageuka.

"Saluni wanabaki," alisema. "Mafundi wanashuka. Tofauti ni kidogo sana, lakini ipo."

Msimu wetu wa kwanza ule, nafasi ya pili, ulikuwa umetubeba. Mafundi msimu wa kwanza walikuwa karibu na mkia, na hilo walilisahau kabisa walipopendekeza kanuni.

Halafu wote wakasema kwa pamoja. Nahodha wa mafundi akasimama mbele ya ubao.

"Mwenyekiti, ngoja. Zile pointi za mwaka wa kwanza ni za nani? Ni za yule jamaa wa vichwa. Yule yuko wapi? Yuko Bujumbura! Timu inabaki kwa magoli ya mtu ambaye hata Afrika Kusini hayupo?"

"Lakini alifunga hapa," nikasema.

"Bwana mdogo, mtu akihama chumba anahama na godoro lake."

"Godoro sawa," akasema kipa wetu. "Na ile rangi aliyopaka ukutani, anaibandua?"

Watu wakacheka, lakini hoja ya nahodha ilishika. Niliona washona nguo wanakubali kwa kichwa. Maana timu zote zilikuwa na watu waliokwenda, na ni kweli hatukuwahi kujiuliza: akienda, anatuachia nini? Hata Mwenyekiti aliweka chaki chini. Akasema, "Hilo hatukuliandika. Lazima tuamue sasa."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake. Hakuinua sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa la ajabu.

"Kapiteni, njoo huku. Ona hii televisheni. Ile timu inacheza pale, bachezaji bake ba mwaka juzi beko wapi?"

Nahodha akatazama. Alijua, alikuwa mtu wa kujua. "Wameuzwa, Mama."

"Bote?"

"Karibu wote."

"Mumoja Italia, mumoja Ureno, ule wa nywele murefu yeye Meksiko. Ma-pointi yabo, balibeba mu valizi, mu begi yabo?"

Nahodha akakuna kichwa.

"Balibeba ao hawakubeba?"

"Hawakubeba," alisema nahodha. "Zinabaki kwa timu. Lakini Mama, wale timu ililipwa. Nyinyi yule mlimuuza wapi?"

"Tulimutoa bure!" alisema Mama, na saluni nzima ikaangua kicheko, nahodha naye. Kisha Mama akasema, akiwa anakunja kitambaa cha kufunika wateja, "Nani hapa hataenda? Mi mwenyewe, siku moja, nitaenda. Kama kila mutu anaenda na vyake, hapa Yeoville tutabakia na nini? Na viti?"

Mwenyekiti alivaa miwani. Aliuliza nani anasema pointi zibaki kwa timu. Mikono ya washona nguo ilipanda, ya walinzi, ya watu wa sokoni. Yangu ilikuwa juu tangu mwanzo. Nahodha alitazama mikono yote, akatazama televisheni, ambapo kijana mmoja nisiyemjua, mpya kabisa, alikuwa anaingia badala ya mwingine. Polepole naye akainua wake.

"Kanuni niliileta mwenyewe," alisema. "Eish. Nitaishtaki kwa nani?"

Nilimwonea huruma, sitasema uongo. Siku iliyofuata alikuja kunyoa kama kawaida, nikamnyoa kwa utaratibu kuliko siku zote. Akaniambia wao hawatakufa huko kusini, kwa sababu mafundi magari wana pikapu, watapanda wote nyuma na kwenda wakiimba. Na kweli walikwenda, msimu mzima, na mwaka uliofuata wakarudi. Lakini hayo yalikuwa bado.

Jumapili ile jioni, watu walipoondoka na Mama akawa anafagia nywele na vumbi la chaki, simu ikaita.

"Lete ripoti," alisema kaka. Nyuma yake nilisikia mtoto, sasa anajua kusema, akidai kitu fulani.

"Bila kwa bila."

"Basi mmeshuka."

"Hapana. Tumebaki. Wamehesabu misimu mitatu, kaka. Mwaka wako umehesabiwa."

"Mwaka wangu?"

"Ule wa vichwa. Ndio uliotuokoa. Walikataa, wakasema wewe hupo tena huku, lakini imeamuliwa zile pointi ni za timu, hazikuondoka na wewe."

Kisha nikamsikia akimwita mkewe, simu ikiwa mbali na mdomo: "Njoo! Njoo usikie huku! Leo nimecheza Johannesburg!"

Akarudi kwenye simu, anahema kidogo, kama aliyetoka uwanjani.

"Nambie basi, mdogo wangu. Nimechezaje?"

Niliangalia ubao. Mama alikuwa amefika chini yake na ufagio, anapita kwa uangalifu asiguse chaki.

"Umecheza vizuri, kaka," nikamwambia. "Ila kukimbia, bado hukimbii."